Harusi ya Dada na Upele Wetu

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imewahi mwaka huu, na paa letu limeipokea kwa mikono miwili. Tulikuwa tunakula, Dada akaniambia, "Sogeza sahani, mdogo wangu." Nikadhani anataka nafasi ya kuweka kiwiko. Kumbe tone lilikuwa limeshachagua mchuzi wangu.

Dada anaolewa Mei, mvua zikiisha. Ana miaka thelathini na tisa. Wazazi wetu walipofariki mimi nilikuwa darasa la pili. Yeye akakaa kwenye cherehani, na kila mwanaume aliyebisha hodi aliambiwa, "Ngoja kwanza kijana amalize shule." Kijana akapenda shule kupita kiasi. Walingoja wakachoka. Aliyebaki ni huyu Fundi, mchomelea mageti, aliyekuja mwaka jana kutiliwa kiraka suruali iliyoungua, akawa anarudi kila wiki na suruali nyingine iliyoungua. Shangazi anasema mtu haungui kiasi hicho bila kukusudia.

Mimi ni karani katika ofisi ya kusajili ndoa, bado niko kwenye majaribio. Cheti cha Dada nitakiandika mimi. Msimu huu naomba jambo moja tu: siku hiyo ifike na isiharibike. Hasa isiharibiwe na mimi.

Alhamisi, 7 Machi

Vidole vinaniwasha katikati. Nadhani ni wino wa muhuri.

Jumamosi, 9 Machi

Fundi amekuja kuziba paa. Sijui Dada kaona nini kwake. Anacheka kabla mzaha haujaisha, anakula kama mtu anayehama kesho, na akikupa mkono anaukaza kana kwamba anapima kama utafaa kwenye geti. Mkono wenyewe unanuka chuma. Nilinawa mara mbili.

Alishinda juu ya paa, akashuka na kutangaza, "Hapa tone halipiti tena." Kweli halikupita hapo. Lilihamia juu ya kabati la vyombo.

"Sasa mbona limehama?" Dada akauliza.

"Limesikia harusi inakuja, linatafuta kiti cha mbele."

Dada alicheka hadi akashikilia cherehani. Mimi sikuona kichekesho.

Mvua ikamzuia kuondoka. Shangazi, aliyefika juzi kusaidia maandalizi na ambaye tayari analala kitanda kimoja na Dada, akatoa amri: "Bwana harusi atalala na kijana. Blanketi ni kubwa." Blanketi si kubwa. Fundi anakoroma kama msumeno wa chuma, nami nililala nimebanwa ukutani kama kalenda.

Alhamisi, 14 Machi

Si wino.

Viganja, vifundo vya mikono, kiunoni, na jua likizama ndiyo kabisa, kama mtu kawasha taa chini ya ngozi. Nimefungua kitabu changu cha baiolojia cha sekondari. Ni upele. Mdudu asiyeonekana kwa macho anachimba njia ndani ya ngozi na kutaga mayai humo. Kuna picha. Nilifunga kitabu, nikanawa mikono, kisha nikanawa na bomba lenyewe.

Nimwambie nani? Nikimwambia Shangazi, nimeuambia mtaa. Nikimwambia Dada, ataacha kushona gauni lake aanze kunishughulikia mimi, kama kawaida. Na Fundi akijua kwamba nyumba anayooa ina upele? Watu husema upele ni uchafu, na Dada ndiye mtu msafi kuliko wote ninaowajua; hupiga pasi hata vitambaa vya jikoni. Hapana. Nitajitibu mwenyewe, kimyakimya.

Jumatatu, 18 Machi

Ofisini kwetu kuna desturi isiyopatikana kwingine. Msajili, mkuu wetu, anasema cheti kina mihuri miwili, wa wino na wa mkono. Kwa hiyo ndoa ikishaandikwa, karani husimama akawapa mkono maharusi, kisha wazazi, kisha kila aliyekuja, mpaka kitoto cha mgongoni. Wiki iliyopita nilihesabu dhambi zangu kwa idadi ya viganja.

Basi leo nimekwenda na glovu. Nyeupe, za kitambaa, zile wanazovaa wapiga tarumbeta kwenye gwaride. Ndoa ya kwanza ilikuwa ya mwalimu na muuza miwani. Niliwanyooshea mkono. Msajili akanisogelea.

"Hiyo ni nini?"

"Heshima, Mzee."

Sijui neno hilo lilitokea wapi. Alinitazama kutoka juu hadi chini. Nikaanza kuaga kazi yangu moyoni.

"Heshima," akarudia polepole. "Kwa nini sikufikiria mimi?"

Mama wa bi harusi alikuwa ameshaanza kulia kwa furaha. Alisema hajawahi kuona serikali ikimthamini mwanawe namna ile.

Jumatano, 20 Machi

Mvua. Tone limehamia juu ya redio.

Ijumaa, 22 Machi

Nimenunua dawa duka la mbali, nimejipaka mikononi na kiunoni, mlango nimeufunga. Leo nafuu. Nimelala kama mtoto.

Jumanne, 26 Machi

Umerudi, na umekuja na jamaa zake.

Ofisini maharusi wawili wamekataa kuandikwa na karani wa dirisha la pili. "Tunamtaka yule wa glovu." Mpiga chapa wetu, ambaye tunamwita Redio kwa sababu habari ikimfikia saa mbili basi saa tatu iko sokoni, alinitazama mikono kwa muda mrefu. "Joto lote hili, karani, na wewe umevaa glovu?" Nikamwambia ni heshima. "Haya," akasema, akarudi kwenye mashine yake. Haya ile imenikosesha chakula cha mchana.

Jumamosi, 30 Machi

Fundi huja kila Jumamosi kulifukuza tone, na kila Jumamosi mvua humlaza kwetu. Leo mezani nilinyoosha mkono kuchukua chumvi, shati likapanda. Nikaona macho yake yametua kwenye kifundo cha mkono wangu na kubaki hapo. Alishusha mikono yake chini ya meza, akaomba kijiko, yeye ambaye hula kwa vidole vyote kumi.

Jioni akasema ataondoka kabla ya mvua. Hakuwa na mzaha hata mmoja.

Ameona.

Jumamosi, 6 Aprili

Fundi hakuja. Ametuma ujumbe kwamba ana kazi nyingi.

Jumamosi, 13 Aprili

Hakuja tena. Dada alishona kutwa bila kuinua kichwa. Gauni lake jeupe ameliweka pembeni, anashona sare za shule. Shangazi anazunguka nyumba akinung'unika, "Mwanaume wa mvua huyo. Akikaukiwa tu, haonekani."

"Shangazi, acha," Dada akasema.

"Niache nini? Nimeacha nini mimi? Wewe umengoja miaka yote hiyo, leo uje uachwe kwa ajili ya mageti?"

Dada aliinuka akaenda chumbani. Nilisimama mlangoni nikiwa na maneno yote tayari mdomoni: si mageti, Dada, ni mimi. Nikasikia cherehani ikianza tena. Sikusema.

Nimeona jambo moja la ajabu. Nyumba imekuwa kimya mno. Sikujua kumbe kicheko cha yule bwana kilikuwa kinajaza nafasi kubwa kiasi hiki. Hata tone likidondoka, hakuna wa kulitetea.

Jumanne, 16 Aprili

Leo baada ya kazi nilikwenda karakana kwake. Nilikuwa nimejitayarishia hotuba njiani: kwamba kosa ni langu, kwamba Dada hana doa, kwamba nitahama nyumba nikilazimika. Nilimkuta ameketi juu ya tairi, anakunywa chai akiwa na glovu zake za ngozi za kuchomelea, shati la mikono mirefu limefungwa vifungo mpaka shingoni. Moto hakuna, kazi hakuna, na jua linachoma.

Aliruka akasimama. Mimi nilikuwa na glovu zangu nyeupe. Nilianza kunyoosha mkono nikaurudisha. Naye alianza akaurudisha. Mwishowe tulisalimiana kwa viwiko kama mbuzi wanaojifunza kupigana.

"Dada hajambo?" akauliza.

"Hajambo. Anakungoja."

"Mwambie..." Akatazama chai. "Mwambie kazi zikipungua nitakuja."

Hakuna geti hata moja lililokuwa linatengenezwa pale. Hotuba yangu nikaiacha. Mtu ananiogopa hata kunipa kiganja, nitamwambia nini? Nimerudi kwa miguu, kwenye mvua, na nimemchukia kwa mara ya kwanza kwa moyo safi.

Alhamisi, 18 Aprili

Harusi imebakiza mwezi mmoja. Shangazi ameanza kuuliza kama watu walioalikwa waambiwe wangoje. Dada alimjibu, "Waambie waje. Nisipoolewa watakula."

Nimeamua. Keshokutwa nakwenda kliniki ya ngozi, ile ya upande wa pili wa jiji, mabasi mawili, mahali ambapo hakuna hata jani linalonijua. Nikipona nitamfuata Fundi nimwonyeshe mikono yangu.

Jumamosi, 20 Aprili

Nitajaribu kuandika bila kucheka, kwa sababu mkono ukitikisika wino unaruka.

Nilifika mapema. Benchi refu, ukuta wa kijani, na watu kila mmoja ameketi mbali na mwenzake kama nguzo za umeme. Kwenye kona alikuwepo mwanaume amevaa helmeti ya pikipiki, kioo kimeshushwa, ndani ya jengo. Nikajisemea, maskini, ugonjwa umempanda usoni. Nikakaa. Nikatazama chini ili nisimwaibishe, nikaona buti zake. Zilikuwa na matundu ya kuungua.

Nilizijua buti hizo. Zililala chini ya kitanda changu Jumamosi tatu.

"Shemeji?" nikanong'ona.

Helmeti ikageukia ukuta.

"Shemeji, ni mimi."

Kioo kikapanda. "Wewe umenifuata mpaka huku?"

"Nikufuate? Mimi nimekuja... Wewe umekuja kufanya nini?"

Akavua glovu moja ya ngozi. Vidole vyake vilikuwa picha ya kitabu changu cha baiolojia. Nami nikavua moja ya zangu. Tukatazamana viganja kama watu wanaolinganisha karata.

"Kumbe na wewe!" akasema. "Mimi nilipoona mkono wako siku ile mezani, nikajua nimekuambukiza. Mwili ulikuwa umeanza kuniwasha wiki ile. Nikasema basi, nimeingia nyumba ya watu safi na uchafu wangu wa karakana. Nitamtazama vipi dada yako?"

"Lakini mimi niliwashwa kabla yako! Mimi nilidhani umekimbia kwa sababu yangu!"

"Nikimbie? Mimi nimekaa kwenye tairi wiki tatu, nakunywa chai na glovu!"

Hapo ndipo akacheka. Kicheko kile kiligonga ukuta wa kijani kikarudi. Watu wote wakageuka. Na mlangoni, mwanamke aliyekuwa anaingia akasimama ghafla. Alikuwa amevaa miwani ya jua na mtandio wa Shangazi, ameuzungusha kichwani hadi puani.

Kicheko hicho hakuna mwanamke mwingine katika jiji hili angekisikia akaganda namna ile.

"Dada?" nikasema.

Miwani ikashuka kidogo. Macho ya Dada yakatoka kwangu yakaenda kwa Fundi, yakatoka kwa Fundi yakashuka kwenye viganja vyetu vilivyo wazi.

"Mabasi mawili," akasema. "Nimepanda mabasi mawili ili nisionekane."

Muuguzi alitoka na faili. "Mnafahamiana?"

"Huyu ni mchumba wangu," Dada akasema.

"Na yule?"

"Mdogo wangu."

"Kwa hiyo mmekuja pamoja."

"Hapana," tukajibu wote watatu. "Tumekutana tu."

Muuguzi aliweka faili chini, akaketi kwenye benchi pamoja na wagonjwa, akafunika uso.

Daktari ni binti mdogo, pengine ananizidi miaka mitano. Alitutazama ngozi kwa kioo cha kukuzia, mmoja baada ya mwingine, bila kukunja uso. Akasema upele si uchafu. Mdudu huyu hamuulizi mtu kama ameoga. Jiji lina watu wengi, vyumba vichache, na mvua ikinyesha watu hubanana. Kupeana mkono kwa haraka si rahisi kumpa mtu upele. Kulala blanketi moja ndiko. Mimi na Fundi tukatazama sakafu.

"Nani aliuleta?" nikauliza. Lazima nilikuwa na sauti ya mshtakiwa.

"Ukijua utampa zawadi?" Daktari akaandika dawa. "Kosa lenu ni moja. Kila mtu amejificha na chupa yake. Wewe ukipona, huyu anakurudishia. Mnapakana wote, jioni moja, kutoka shingoni hadi kwenye nyayo, hata asiyewashwa. Nguo na mashuka maji ya moto, kisha jua au pasi. Kisichofulika kifungeni kwenye mfuko siku kadhaa. Baada ya wiki mnarudia. Na mjue hata wadudu wakishakufa, ngozi itaendelea kuwasha kwa muda. Msiwe na hofu. Nyumbani kuna nani mwingine?"

Tukatazamana.

"Shangazi," tukasema.

Jumapili, 21 Aprili

Shangazi alikana katakata. "Mimi? Upele? Tangu nizaliwe sijawahi kupata hata chunusi!" Aliyasema hayo akiwa ameegemea fremu ya mlango, anapanda na kushuka taratibu.

"Shangazi," Dada akamwambia, "unafanya nini na mlango?"

"Naunyoosha mgongo."

"Kikulacho ki nguoni mwako, Shangazi. Twende ndani."

Fundi alileta nguo zake zote kwenye gunia. Tukachemsha maji kutwa. Mvua ilipumzika mchana kama iliyoombwa, tukaanika mashuka mpaka kwenye ngazi aliyoiacha Fundi. Jioni, wanawake chumba kimoja, wanaume kingine, kila upande na chupa ya dawa nyeupe kama maziwa. Inachoma palipochubuka. Kupitia ukutani tulimsikia Shangazi, "Uuuwi! Hii ni dawa au adhabu?" na Dada akicheka, kicheko cha juu kile cha siku ya tone. Fundi alikuwa amenipaka mgongo kwa brashi ya rangi, mpya, aliyoinunua kwa kazi hiyo, kwa mistari iliyonyooka, kama geti.

"Huko mmefikia wapi?" akapaza sauti.

"Miguuni!" Dada akajibu.

"Msiruke vidole!"

"Na wewe usiruke mapaja ya mdogo wangu!"

Shangazi akasema hajawahi kusikia uchumba wa aina hii. Tulitokea sebuleni tumeng'aa kama samaki, tunanuka kama duka la dawa, tukanywa chai tukiwa tumesimama kwa sababu hakuna aliyetaka kugusa kiti. Tone lilidondoka katikati yetu.

"Limekuja kupakwa," Fundi akasema.

Nilicheka mpaka chai ikanitoka puani. Nadhani sasa ninaelewa Dada kaona nini.

Jumatatu, 22 Aprili

Nimekwenda ofisini kumwambia Redio ukweli kabla hajausikia kwingine. Aliendelea kupiga chapa.

"Nilijua tangu siku ya kwanza," akasema. "Wanangu walikuwa nao mwaka juzi. Ule mkuno naujua hata gizani."

"Na hukumwambia mtu?"

Akaacha mashine. "Karani, mimi natangaza habari. Hiyo haikuwa habari, ulikuwa ugonjwa."

Nimemwomba radhi kwa jina la Redio. Amesema analipenda.

Jumapili, 28 Aprili

Tumerudia dawa. Shangazi ndiye aliyetukumbusha, na ndiye aliyeishika brashi.

Ijumaa, 3 Mei

Bado nawashwa! Nilikuwa nimeshafungua chupa Dada akaninyang'anya. "Daktari alisemaje?" Nikasema, ngozi itawasha kwa muda. "Basi iache iwashe. Wewe na hofu yako, mkikosa mdudu mtamfuga." Ameificha chupa kwenye kabati la vitambaa.

Gauni limerudi mezani.

Jumamosi, 11 Mei

Nimelala usiku kucha. Nimeamka nikatafuta pa kukuna, sikupaona.

Jumamosi, 18 Mei

Mvua haikungoja kuisha, imekuja harusini. Ofisi nayo kumbe inavuja, tone moja, katikati kabisa ya kiti cha mbele. Fundi alinyanyua kidole tu, Dada akainama kucheka, na ndoa ikachelewa kuanza.

Mimi nilikuwa shahidi wa Dada, kwa hiyo Msajili mwenyewe alishika kalamu. Alikuwa amevaa glovu nyeupe. Sasa ofisi nzima inazo, amezinunulia makarani wote, na mimi alinikabidhi jozi mpya yenye kifungo cha dhahabu kwenye kifundo. "Wewe ndiye mwanzilishi," akaninong'oneza. Mwandiko wake ni mbaya kupindukia. Jina la Dada limekaa kwenye cheti kama limeangushwa. Dada alikitazama cheti kile kana kwamba kimeandikwa na malaika.

Kisha Msajili akasimama na kusema ule usemi wake wa muhuri wa pili. Fundi akanigeukia. Alikuwa na suti isiyoungua hata mahali pamoja. Alininyooshea mkono, akaona glovu yangu, mkono ukasita hewani, na nikaona amekumbuka lile tairi na ile chai.

Nilifungua kifungo cha dhahabu. Nikavua moja, nikavua ya pili, nikazitia mfukoni. Msajili akakohoa. Redio, kutoka nyuma, akakohoa kwa sauti kubwa zaidi, na Msajili akanyamaza.

Tulishikana. Alikaza, nami nikakaza.

"Inawasha?" akaniuliza sikioni.

"Hapana."

"Basi usiniachie upesi, shemeji. Nimekingoja kiganja hiki tangu Machi."

Sikumwachia upesi. Wageni waliokuwa nyuma yetu walianza kusukumana, Shangazi akauliza kama tumechomelewa. Kisha Dada akanivuta, akanishika uso kwa mikono yote miwili, ile ncha ya kidole chake iliyokwaruzwa na sindano miaka yote hiyo ikanigusa shavu.

Sasa wamekwenda kwao, na Shangazi amelala. Nyumba ni kavu. Kumbe paa lilikuwa linataka tu kuachwa. Nimeketi mezani naandika, na kiganja changu kinanuka chuma.

Sijanawa.